Feni Iliyonipuliza Usoni

Wiki iliyopita mimi na dada yangu tulikuwa tunasafisha stoo ya marehemu baba, Temeke. Mimi nilipewa kazi ya kuamua kipi kitupwe, kazi ambayo siiwezi hata kidogo. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimetupa kandambili moja tu, na hiyo nayo nilikwenda kuiokota tena. Ndipo chini ya gunia la vyuma, nyuma ya ndoo isiyo na kitako, nikaiona feni. Si ya mezani wala ya darini. Ilikuwa feni ya gari, mapanga manne, wavu wake wa mbele umeliwa na kutu mpaka unafanana na andazi lililosahauliwa kwenye mafuta. Kwa nyuma zilining'inia waya mbili, na maungio yake hayakufungwa kwa utepe mweusi kama wafanyavyo watu. Yalifungwa kwa kipande cha kanga, nyekundu zamani, sasa rangi ya chai.

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Binti yangu akaja mbio. "Mama, umeumwa na nge?" Nikamwambia nge angekuwa afadhali.

Rika langu mnazikumbuka enzi za ruksa. Madukani mlikuwa na sabuni moja ya mche, mkalala, mkaamka mkakuta sabuni za rangi saba. Magari yaliyotumika ng'ambo yakawa yanashuka bandarini kama siafu. Baba alikuwa anaendesha mashine ya kuinua mizigo hukohuko bandarini, aliyaona yote yakishuka, na mtaa mzima ulisubiri siku ambayo naye atajichagulia lake. Akajichagulia kweli. Akaja na gari la Kiingereza lililokuwa zee kuliko uhuru.

Alilinunua kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na macho mawili ya mviringo, mgongo wa kobe na viti vya ngozi vilivyonuka kabati la bibi. Baba alipokuwa kijana alijifunzia ufundi kwenye gereji ya magari ya namna hiyo, na mapenzi ya ujana mnayajua. "Haya ndiyo magari," alikuwa akisema akilipigapiga boneti kama anayemsifu ng'ombe. "Mengine yote makopo ya maziwa." Tatizo dogo tu: injini ilikuwa imekufa. Baba akaenda Gerezani, kwa wauza vipuri, akarudi na injini ya pikapu ya Kijapani, akakata huku, akachomelea kule, akaipachika. Likiwashwa, kuku wa Temeke nzima waliacha kutaga. Halafu akaliwekea AC.

AC, Temeke, miaka ile! Aliitoa kwenye gari lililogongwa. Siku ya kwanza ilipopuliza baridi, watoto, wazee na mashekhe walipanga foleni kuingiza mikono dirishani. Mama Chausiku, jirani yetu aliyekuwa akiuza barafu za ubuyu, naye akaja, akaingiza mkono, akautoa, akasema, "Baba Rehema, hili si gari, hili friji. Mie nawe tumeshakuwa wake wenza wa biashara." Tangu siku hiyo gari likaitwa Friji. Mimi nilipoona maji yanadondoka chini yake nilikwenda kumwambia dada yangu kwamba gari limejikojolea, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Dada yangu ndiye Rehema mwenyewe. Mama alifariki mimi nikiwa sijajua kufunga vifungo, na vifungo nilifundishwa na Dada. Aliniogesha, alinisuka, alinichapa, alinibembeleza, wakati mwingine yote manne kwa asubuhi moja. Nililala mgongoni kwake mpaka miguu yangu ikawa inaburuzika chini. Nikiulizwa mama yangu nani, nilikuwa namwonyesha yeye, na watu walikuwa wanatazama pembeni.

Dada akaposwa. Bwana harusi alikuwa mwalimu, mtu wa Kimara, mpole, mwenye saa iliyomzidi mkono. Sikuwa na ugomvi naye isipokuwa huo mmoja wa kumchukua dada yangu. Na Kimara ya wakati ule, jamani, ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Ulaya angalau barua zilifika.

Sasa, kwetu biharusi hafunguliwi dirisha. Anafungiwa ndani siku zake, anasuguliwa singo, anapakwa hina, anafukizwa udi, na siku ya kupelekwa kwa mumewe anafunikwa gubigubi na vioo vya gari vinapandishwa, asionekane njiani. Mkifikiria jua la Dar na gari lililofungwa vioo, mtaelewa kwa nini baba alihangaika na AC. Mama yetu alipopelekwa kwa baba alipakiwa ndani ya lori la nazi, limefunikwa turubai. Alipofika mlangoni alizimia kwa joto, wanja umemshuka mpaka kidevuni. Wanawake wa mtaani wakampa jina, Biharusi Nazi, na jina hilo alikuwa nalo mpaka kaburini. Baba alikula kiapo mbele ya shangazi zetu wote: "Binti yake hatashuka na jasho. Rehema atafika Kimara poda yake kavu."

Ndiyo maana ya Friji. Halikuwa gari la kwendea kazini. Lilikuwa gari la safari moja.

Na Friji likaanza kuchemsha.

Bila AC lilikwenda vizuri tu. Ukiwasha AC, baridi inakuja tamu, Dada mwenyewe alilijaribu akatoka anatetemeka kwa mbwembwe, lakini baada ya dakika kumi mshale wa moto unapanda, unapanda, halafu boneti linafuka kama sufuria ya pilau. Zilikuwa zimebaki siku nane. Baba akachukua likizo, akamwita Fundi Sudi, kijana mwembamba wa mtaa wa pili ambaye aliweza kufungua injini huku anasimulia mpira wa juzi bila kuchanganya boliti wala wafungaji.

Wakaanza. Wakabadilisha maji ya rejeta. Likachemsha. Wakatoa themostati wakaitupa, maana mafundi wetu wakikwama hiyo ndiyo kafara yao ya kwanza. Likachemsha. Rejeta ikapelekwa kuzibuliwa, ikarudi inapitisha maji kama mfereji. Likachemsha. Wakanunua kifuniko kipya, wakakaza mkanda, wakapunguza gesi ya AC. Sudi akashuku gasketi, wakafungua injini nzima uani juu ya mkeka, gasketi ikakutwa nzima kama siku ya kuzaliwa. Wakafunga. Likachemsha.

"Baba Rehema," Mama Chausiku akawa anapaza sauti kutoka barazani kwake, "barafu zangu zipo! Ukitaka tumpange biharusi katikati ya barafu za ubuyu, niambie mapema nigandishe!"

"Gandisha mdomo wako kwanza," baba alijibu, lakini hakucheka.

Mimi katika hekaheka hizo nilikuwa na mahali pangu. Gari halikuwa na hendibreki, kwa hiyo baba aliweka mawe kwenye matairi na kutoa amri moja kali kuliko zote: asisimame mtu mbele ya gari hili likiwa linawaka. Amri hiyo wakubwa waliitii, hata Sudi alifanya kazi zake kwa ubavuni. Mimi sikusimama. Nilikaa. Kati ya pua ya gari na ukuta wa jiko palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja, na AC ikiwashwa tu, kutoka kwenye pua ile upepo ulikuwa unanijia usoni. Wa vuguvugu, wenye harufu ya oili, lakini upepo. Nikishika karatasi ya daftari inaruka kuja kwangu. Mimi niliamini gari linanipumulia. Niliamini kwamba katika nyumba ile yote, ambako kila mtu alikuwa na habari za harusi, Friji peke yake lilikuwa linanibembeleza.

Jumanne mchana nikiwa palepale nikamsikia Sudi, "Mzee, hii feni ya mbele ya AC umeiangalia? Kazi yake kuvuta. Ivute hewa ya nje, ipite kwenye AC, ipite kwenye rejeta. Isipovuta lazima ichemshe."

"Feni nimeifunga mwenyewe," baba akasema. "Inazunguka, husikii?"

"Nasikia, mzee, lakini..."

"Sudi. Mie nimefunga feni wewe hujazaliwa. Iache feni."

Sudi akaiacha. Nami pale chini, upepo ukinipeperusha nywele, nikaelewa. Feni ilitakiwa kuvuta. Ilikuwa inapuliza. Ule haukuwa pumzi wala bembelezo, ndio ugonjwa wenyewe, nami nilikuwa nimeukalia siku zote. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua jambo ambalo mafundi wawili na nusu ya Temeke hawakulijua.

Nikanyamaza.

Nilishapiga hesabu zangu, na hesabu za mtoto hazina deni: gari likipona, Dada anakwenda, gari likichemsha, Dada anabaki. Nikanyamaza Jumatano, wakati baba alipokosa kula. Nikanyamaza Alhamisi, alipomwambia Sudi kwa sauti ndogo, "Labda ni mama yake hajaniridhia." Siri ile ilinikaa kifuani kama kipande cha muhogo mkavu, nami nikazidi kuimeza.

Ijumaa alasiri wakalipeleka Tandika kulijaribu kwa mara ya mwisho. Likarudi linasukumwa. Vijana sita, Sudi kwenye usukani, baba nyuma anasukuma kama wengine, shati limemganda mgongoni, na mtaa mzima nje unatazama. Mama Chausiku peke yake hakusema kitu. Alikuja na jagi la maji ya barafu, akampa baba, akarudi kwake. Hapo ndipo nilipoogopa kidogo.

Lakini kidogo tu, kwa sababu nilikuwa nimeshinda. Nikamfuata shangazi jikoni, nikamuuliza kwa adabu zote, "Shangazi, kwa hiyo harusi hakuna?"

Shangazi alinitazama kama niliyeuliza kama kesho kutapambazuka. "Hakuna kwa nini? Wakwe wataleta pikapu, tutatandika mkeka, tutafunika turubai. Mtu haolewi na gari."

Turubai. Nikaona wanja unashuka mpaka kidevuni.

Chumba cha Dada kilikuwa na giza la mapazia na harufu ya singo, karafuu na maji ya mawaridi, harufu nzito ya kuweza kukatwa kwa kisu. Alikuwa amekaa mkekani, mikono ameinyoosha hina ikauke. Nikapiga magoti nikamwambia yote kwa pumzi moja: feni, karatasi, Jumanne. Nikamalizia, "Nilitaka lisipone."

"Kwa hiyo wewe, Kidawa, ulitaka niozee humu ndani kwa ajili ya feni?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka, kile kicheko cha kuegemea ukuta. Kikakatika katikati. Alitaka kujifuta macho akakumbuka hina, akabaki mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Nikamfuta mimi, kwa ncha ya kanga yake.

"Baba amekula leo?" akauliza.

"Hajala."

Akaipuliza hina viganjani. "Nani alifunga ile feni?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi usimwambie." Akanisogelea. "Unanisikia? Usimwambie. Mwonyeshe. Baba hapendi kuambiwa, na kesho ua utakuwa na watu. Chukua hii kanga yangu, uitundike kwenye pua ya gari lake, ujifanye unacheza. Yeye ana macho, ataona."

Asubuhi ya Jumamosi ua ulikuwa na masufuria, mashangazi na moshi. Baba aliwasha gari bila tumaini lolote, akawasha na AC, kama mtu anayempima mgonjwa joto kwa mazoea. Nikapita kwa mbele na kanga nyekundu, nikaitandaza kwenye wavu wa pua. Ikavimba kama tanga, ikaruka, ikaangukia sufuria ya shangazi.

"Kidawa! Nimesema nini kuhusu kusimama m..."

Sentensi haikuisha. Nikaiokota kanga, nikaitandaza tena. Ikaruka tena. Baba akaja taratibu, akainua mkono wake mbele ya wavu, kiganja wazi, kama anayeomba dua. Akakaa hivyo. Nikaona kwenye uso wake yanapita mambo mengi, la mwisho likiwa fedheha. Mashangazi wameacha kukoroga. Mama Chausiku ameshafika kwenye ua wa makuti, sikio mbele.

Baba akamgeukia Sudi. Sauti ilikuwa kavu. "Sudi. Waya za feni hii nani alifunga?"

Sudi alijua. Nilijua. Waliokuwepo wote walijua, maana kwa siku nane baba alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba feni kaifunga yeye. Sudi akaweka spana chini, akajifuta mikono, akainamisha kichwa.

"Mie, mzee. Nilizichanganya. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mama Chausiku, mdomo ule wote, akasema tu, "Vijana wa siku hizi, Baba Rehema, wa kuvumiliwa." Na masufuria yakaanza kukorogwa tena.

Haya mengine niliyaelewa nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, nasoma shule ya jioni, mwalimu wa fizikia akachora mota ubaoni na kusema ukibadilishana waya zake mbili itazunguka kinyume. Magari ya kale ya Kiingereza, chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Ya Kijapani ni hasi. Baba alipoweka injini ya Kijapani aligeuza kila kitu. Lakini siku ya kufunga feni, mikono yake ilikumbuka ujana. Darasa zima likaandika somo. Mimi nililia mpaka mwalimu akadhani nimefiwa.

Kugeuza waya hakukuchukua hata dakika tano. Utepe mweusi ulikuwa umekwisha, baba akachana pindo la kanga ya Dada, akafungia. Likawashwa. Nikatandaza kanga, ikanasa kwenye wavu kama imegandishwa kwa gundi, na nilipokaa kwenye nafasi yangu hapakuwa na upepo wowote. Mshale ukapanda nusu, ukakaa hapo.

Dada alifika Kimara poda yake kavu. Nilikuwa ndani ya gari, nimebanwa kati yake na shangazi, vioo juu, baridi inapuliza, udi na asumini vimejaa mpaka darini. Chini ya lile furushi la nguo mkono wake wa hina ulishika wangu kuanzia Temeke mpaka Ubungo mpaka huko kwenye vilima, na ulikuwa wa baridi. Akashuka kwa vigelegele. Hakugeuka. Biharusi hageuki.

Kurudi tulikuwa mimi na baba peke yetu. Tulipofika Ubungo akazima AC, akanyoosha mkono kushusha kioo. Nikapiga ukelele, "Baba usifungue, atatoka!" Nilimaanisha harufu ya Dada. Mkono wake ukasimama. Tukaenda vioo vimefungwa, joto linatupika wote wawili, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya kanzu yake ya harusi, na hakufungua. Tulipofika nyumbani akazima injini, tukabaki tumekaa.

"Ulijua lini?" akaniuliza, akitazama mbele.

"Jumanne."

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu la hesabu iliyomsumbua. "Ningekuwa wewe," akasema, "hata mie nisingesema."

Friji liliuzwa chuma chakavu miaka mingi baadaye. Mpaka siku ya mwisho baba alikuwa akimwita Sudi "mwanangu," na ni Sudi, sasa mwenye kitambi na wajukuu, aliyeingia kaburini kumpokea. Ila kwamba baba alikuwa ameing'oa feni na kuificha, sikujua mpaka wiki iliyopita.

Nikaitoa uani. Nikaazima betri kwa kijana wa bodaboda, nikagusisha waya. Ikakohoa, ikatema vumbi la miaka thelathini, ikazunguka. Inavuta. Nikazichomoa waya, nikazigeuza, nikakaa kwenye kigoda upande wa wavu, upande wangu. Ikanijia usoni.

Dada alikuwa anafunga mkoba wake kurudi Kimara kabla ya foleni. Nywele zake siku hizi nyeupe kuliko pamba, nami namwambia ni poda ya harusi haijamtoka. Akatokea mlangoni, akasimama, akaitazama ile feni na kipande cha kanga yake.

"Kidawa," akasema, "umeifunga kinyume."

"Najua, Dada."

Akautua mkoba, akavuta kigoda, akakaa.